Kasri la Pena na msitu uliopandwa kwa mikono

Garimoshi kutoka kituo cha Rossio, Lisbon, hukufikisha Sintra kabla saa haijaisha. Juu ya kilima, penye ukungu wa Atlantiki, ndipo lilipo Kasri la Pena: upande mmoja mwekundu, mwingine wa manjano, minara ya ngome ikipakana na kuba za mtindo wa Kiarabu. Ukiliona utadhani lina umri wa miaka elfu. Kumbe sehemu kubwa ni ya karne ya 19, Ulaya ilipopenda kufufua ujenzi wa Enzi za Kati.

Cha kale hasa ni ule upande mwekundu. Ulikuwa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Yeronimo, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Manuel I mwanzoni mwa karne ya 16. Mtu wa pwani yetu asilipite jina hilo haraka. Ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, na dhahabu ambayo da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa mwaka 1502 ilifuliwa chombo cha ibada kwa watawa wa shirika hilohilo kule Belém. Kilikamilika mwaka 1506, na hadi leo kimo katika jumba la makumbusho Lisbon.

Tetemeko la mwaka 1755 liliibomoa nyumba ile, na mwaka 1834 serikali ikayafuta mashirika ya watawa. Mwaka 1838 Ferdinand, mume Mjerumani wa Malkia Maria II, akanunua magofu kwa fedha zake. Kazi akampa Baron von Eschwege, mhandisi wa migodi. Kanisa dogo na ua wa vigae vilihifadhiwa, jengo jipya likaungwa ubavuni.

Lakini kazi kubwa zaidi ya Ferdinand, kwa maoni yangu, ni bustani. Kilima kilikuwa majabali karibu matupu. Akaagiza misekwoia kutoka Marekani, misonobari ya Japani, na kangaga ndefu kama miti kutoka Australia na New Zealand. Njia zilipindishwa kati ya majabali, maji yakakusanywa mabwawani bondeni. Pamoja na mke wake wa pili, mwimbaji wa opera Elise Hensler, alijenga humo nyumba ndogo. Iliungua mwaka 1999, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2011.

Wageni wengi huishia kwenye foleni ya vyumba vya kasri, kisha hushuka mjini. Ukijaliwa kufika, anza na bustani asubuhi, upande hadi kilele cha Cruz Alta, mita 528, ulitazame kasri kutoka huko.