Haki ya Kupata Habari za Umma: Yale Ambayo Kila Raia wa Kenya Anapaswa Kuyafahamu

Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Inampa pia haki ya kupata habari zilizo kwa mtu mwingine yeyote, iwapo anazihitaji ili kutekeleza au kulinda haki yake. Aidha, raia anaweza kudai habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe.

Ili kuipa ibara hiyo nguvu ya utekelezaji, Bunge lilipitisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Na. 31 ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwezi Septemba mwaka huo. Sheria hiyo inazihusu taasisi za umma katika ngazi ya kitaifa na ya kaunti, pamoja na mashirika ya kibinafsi katika mazingira yaliyoainishwa. Usimamizi wake umekabidhiwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayofahamika zaidi kama Ofisi ya Ombudsman.

Namna ya kuomba

Ombi huwasilishwa kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, likieleza kwa ukamilifu wa kutosha habari zinazotakiwa. Mtu asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ana haki ya kueleza ombi lake kwa mdomo. Ofisa husika anawajibika kuliandika na kumpa mwombaji nakala. Afisa Mkuu Mtendaji wa kila taasisi ndiye ofisa wa upatikanaji wa habari, ingawa anaweza kumkaimisha mwingine jukumu hilo.

Mwombaji halazimiki kueleza sababu za ombi lake. Mathalani, wakazi wanaotaka kujua ni kiasi gani kilicholipwa kwa mkandarasi wa zahanati ambayo ujenzi wake umekwama hawahitaji kuthibitisha kwamba wao ni wagonjwa, wala kwamba wana ugomvi na mkandarasi. Inatosha kwamba wao ni raia.

Muda na ada

Taasisi inapaswa kutoa uamuzi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 21. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, endapo habari zinazoombwa ni nyingi au mashauriano yanahitajika. Pale ambapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, muda uliowekwa ni saa 48. Iwapo habari ziko katika taasisi nyingine, ombi huhamishiwa huko ndani ya siku 5.

Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutengeneza nakala na kuzifikisha kwa mwombaji.

Mipaka ya haki hii

Haki hii ina mipaka. Taasisi inaweza kukataa kutoa habari ambazo zingehatarisha usalama wa taifa, zingezuia utaratibu wa haki, zingetishia maisha ya mtu, zingeingilia faragha isivyostahili, au zingeathiri kwa kiasi kikubwa maslahi ya kibiashara. Hata hivyo, mahakama inaweza kuamua kwamba maslahi ya umma katika kufichua habari hizo yana uzito kuliko madhara yanayohofiwa, na hapo habari zitatolewa.

Ombi linapokataliwa

Kimya si jibu halali. Muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa, na mwombaji anaruhusiwa kuchukua hatua inayofuata: kuiomba Tume kwa maandishi iupitie uamuzi huo ndani ya siku 30. Tume ina mamlaka ya kuwaita mashahidi na kuagiza habari zitolewe. Asiyeridhika na agizo la Tume anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Mahakama Kuu yenyewe imekwisha kuipima haki hii. Mwaka 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Katiba Institute kuhusu matangazo ya Serikali katika vyombo vya habari, mahakama iliamua kwamba kunyimwa habari hizo kulikiuka Ibara ya 35, na ikaagiza zitolewe.

Sheria pia inaonya dhidi ya kuharibu ushahidi. Mtu anayebadilisha, kufuta au kuficha kumbukumbu kwa nia ya kuzuia zisitolewe baada ya kuombwa anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au adhabu zote mbili.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kuhifadhi nakala ya ombi lake na kuandika tarehe lilipopokelewa. Siku 21 huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo, na bila uthibitisho wake ni vigumu kuonyesha kwamba muda wa kujibu umekwisha.