Remmy Ongala: Dansi, muziki wa dunia au injili?

REMMY Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, na kufariki dunia jijini Dar es Salaam Desemba 13, 2010, ni miongoni mwa wanamuziki ambao ni vigumu kuwaweka katika fungu moja. Katika maisha yake alipewa majina matatu, na kila moja lilikuwa na ukweli wake.

La kwanza ni mwanamuziki wa dansi. Aliwasili Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi iliyoongozwa na Mzee Makassy. Baadaye alihamia Super Matimila, bendi iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Magitaa yaliyopokezana, tumba na uimbaji wa kuitikiana vilimweka moja kwa moja katika ukoo wa rumba ya Kongo.

La pili alilipata Ulaya. Albamu zake, Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992, zilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na kuuzwa kama muziki wa dunia. Jina hilo lilipitishwa jijini London mwaka 1987 na wenye kampuni ndogo za rekodi, ili maduka yajue rafu ya kuziweka. Lilimweleza mnunuzi kwamba muziki umetoka mbali, halikumweleza unavyosikika.

La tatu ni mwimbaji wa injili. Katika miaka yake ya mwisho Ongala aliokoka, akaachana na muziki wa kumbi za starehe na kuimba nyimbo za dini.

Hata hivyo, Tanzania ilikuwa na desturi yake ya kutaja muziki. Kila bendi ilijichagulia mtindo: Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Juwata walikuwa na Msondo, na Maquis walikuwa na Kamanyola. Ongala aliuita wake Ubongo. Tofauti na wenzake, hakutaja ngoma wala namna ya kucheza, bali kiungo ambacho msikilizaji alitakiwa kukitumia.

Uzito wa jina hilo ulidhihirika katika wimbo Mambo kwa Soksi, uliohimiza matumizi ya kondomu wakati Ukimwi ukizidi kuenea. Kwa mapigo ulikuwa wimbo wa dansi kama nyingine, lakini redio ya taifa ilikataa kuupiga. Kilichokataliwa hakikuwa mapigo, bali ujumbe. Neno dansi peke yake haliwezi kueleza kisa hicho, Ubongo laweza.

Wapo watakaosema kwamba Ubongo si aina ya muziki, kwa kuwa halimwelezi mtu atasikia nini. Hoja hiyo ina nguvu, na muuza kanda bado angehitaji rafu. Lakini kifo, umaskini na wajibu wa mtu kwa mwenzake, mambo aliyoyaimba baa, si mageni kanisani. Aliyebadilika alikuwa mwimbaji na imani yake. Kumfikirisha msikilizaji kulibaki.

Kwa hiyo lebo moja ya mapigo haimtoshi Ongala, ila ya kusudi yamkaribia. Wakazi wa Dar es Salaam hawakusubiri mjadala huo uishe: eneo alilokuwa akiishi wanaliita Sinza kwa Remmy.