Nollan na Dolan (mipango miji, Marekani)

Nollan (1987) na Dolan (1994) ni hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani zinazopima uhalali wa masharti ya vibali vya ujenzi. Msingi wake ni Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayokataza kutwaa mali ya mtu bila fidia ya haki. Ya kwanza yadai sharti lihusiane na madhara ya ujenzi wenyewe. Ya pili, lilingane nayo kwa kiasi. Katika Dolan, mji wa Tigard, Oregon, ulimtaka mwombaji aliyetaka kupanua duka lake aachie ardhi ya bonde la mafuriko na njia ya baiskeli, bila kuonyesha ulinganifu huo.

Hukumu hizi huzifunga mahakama zote za chini, hivyo kanuni ya zamani yaweza kupoteza nguvu pasipo kubadilishwa hata neno. Kwa mfano, mahakama za California ziliziepusha na kipimo hicho ada zilizotungwa na mabaraza ya kutunga sheria, tofauti na zile zinazowekwa na ofisa kwa mwombaji mmoja mmoja. Mwaka 2024, katika shauri la Sheetz kuhusu ada ya barabara ya dola 23,420, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliukataa msamaha huo, na kwa haki: Katiba haitofautishi baraza na ofisa. Waliacha wazi iwapo ada ya kundi zima la viwanja yahitaji hesabu ya kina kama ya kiwanja kimoja.