Zirikoni za Kabanga na kifungo cha mionzi

Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, hutajwa kwa nikeli. Utafutaji wake ulishika kasi miaka ya 1970 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa. Kampuni za kigeni zikapokezana eneo hilo, na Januari 2021 Serikali ikasaini mkataba wa ubia unaoipa hisa za asilimia 16. Lakini umri wa miamba yenye nikeli haukusomwa kwenye nikeli. Ulisomwa kwenye zirikoni, fuwele ambayo mchimbaji huitupa pamoja na kifusi.

Miamba ya Kabanga ni sehemu ya mlolongo unaovuka mpaka hadi Musongati, Burundi. Rojo la mawe lilipanda kutoka chini ya ardhi, likapoa taratibu, na humo zirikoni zikajijenga kwa zirikoniamu, silikoni na oksijeni. Ayoni ya urani ina chaji nne kama ya zirikoniamu, na ukubwa wao haupishani sana, hivyo hupenya na kukaa mahali pa zirikoniamu. Ya risasi ni kubwa na ina chaji mbili tu, hubaki nje. Basi risasi inayokutwa ndani ya fuwele ni zao la urani iliyovunjika humo humo. Nusu ya urani-238 huchukua miaka milioni 4,468 kuvunjika, saa isiyo na haraka hata kidogo.

Kuisoma saa hiyo ni kazi ya subira. Mwamba husagwa, unga huoshwa na kupitishwa kwenye sumaku, kisha fuwele huokotwa moja moja chini ya hadubini, hugandishwa kwenye gundi na kung'arishwa hadi tumbo lake lionekane. Mwale wa ayoni huchimba kishimo chembamba kuliko unywele, ili urani na risasi iliyomo ipimwe. Mwaka 2010 Luc Tack na wenzake walichapisha umri wa zirikoni za Musongati: miaka milioni 1,374, kwa tofauti ya milioni 14 juu au chini.

Mashine ya kwanza kubwa ya kupima hivyo ilijengwa Canberra, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Katika chuo hicho hicho, mwaka 1978, mwanajiolojia Ted Ringwood alipendekeza Synroc, jiwe la kutengenezwa la kufungia taka za nyuklia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: maumbile yameshafanya jaribio, na limedumu kuliko maabara yoyote. Ndani ya Synroc, kila madini yana mgeni wake: zirikonoliti hupokea urani na plutoni, peroviskaiti hupokea strontiamu, holandaiti hupokea sizi. Wafaransa walichagua kioo, ambacho ni rahisi kukiyeyusha na kukimimina kiwandani, ingawa maji ya moto hukila upesi zaidi.

Kifungo cha fuwele nacho kina kasoro. Chembe za alfa na msukumo wa kiini kinachovunjika huvuruga mpangilio wa fuwele. Zirikoni yenye urani nyingi huvimba, hupasuka na kuanza kuvuja risasi.

Kwa upande wa taka zenyewe, Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Ila vyanzo vya mionzi vilivyokwisha matumizi hospitalini na viwandani huhifadhiwa Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki.