Walichobeba Bibi Zetu Kwenda Muscat

Haya ni kwenu dada zangu, na hasa nyie maharusi mnaojiandaa kusafiri.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar. Wengine walikwenda Dar es Salaam, Mombasa, Misri na Uingereza. Julai 23, 1970 Sultani Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman, akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Wakati huo Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa, zote za wavulana. Waliosoma walitafutwa sana.

Hapo wanawake wa kwetu walikuwa na la kutoa. Unguja ilipata skuli ya serikali ya wasichana tangu 1927. Mwanzoni wazazi waliogopa kupeleka mabinti, wakakubali kidogo kidogo. Kufika miaka ya 1960 visiwa vilikuwa na walimu na wauguzi wanawake. Waliofika Muscat waliingia madarasani, hospitalini na maofisini.

Haikuwa raha tupu. Walidhani wamerudi kwao, kumbe wenyeji waliwaita Wazanzibari. Wengi walikulia kwenye Kiswahili, na Kiarabu cha kusomea Msahafu hakikutosha sokoni wala kazini. Walijifunza upya, huku wakifanya kazi na kulea. Majumbani hawakuacha Kiswahili wala mapishi ya kwao, na mpaka leo ukitembea Muscat utasikia Kiswahili.

Mimi nashona nguo za harusi hapa Ganako, Karatu, kwa hiyo bi harusi akijaza begi napata riziki. Lakini nakwambia kweli: nguo huchakaa, na dhahabu huuzwa siku ya dhiki. Wale bibi zetu wengine waliacha nyumba na mashamba, ila walichojua waliondoka nacho.

Basi kabla ya safari, maliza masomo au kozi yako. Beba vyeti vyako mwenyewe. Anza kujifunza lugha ya unakokwenda. Na suala la kufanya kazi lizungumzeni wazi na mchumba na walii wako kabla ya nikaah, si baada ya kufika ugenini.

Mwenyezi Mungu awasahilishie safari zenu na awape stara. Amin.