Vuavika, Si "Kamera Isiyo na Kioo"

Imepita mikononi mwangu orodha ya istilahi za upigaji picha, imechapwa kwa karatasi nzuri na kupangwa kwa alfabeti, na ndani yake ile mashine ndogo ya kisasa inayobadilishwa lenzi imebatizwa "kamera isiyo na kioo". Msomaji wangu anaijua mashine yenyewe, sina haja ya kumweleza. Ninachowauliza waliokaa kikao wakaipitisha istilahi hiyo ni kimoja tu: kioo kipi hicho kisichokuwepo?

Mezani pangu ipo Canon EOS R50, kamera iliyotangazwa Februari 2023 kwa ajili ya watu wenye mfuko wa kawaida. Ina uzito wa gramu 375 ikiwa na betri na kadi. Nyuma yake kuna kioo cha inchi 3, cha kugusa, kinachokunjuka na kugeuka hadi kukutazama usoni. Ukiweka jicho kwenye kidirisha cha kuchungulia, unakuta kioo kingine, kidogo, chenye nukta milioni 2.36. Mbele kuna lenzi, nayo ni vioo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Hata kihisi, chenye megapikseli 24.2, kimefunikwa kwa kioo. Mashine hii ina vioo kila upande, na sisi tumeambiwa tuiite isiyo na kioo.

Kosa la kamati ni la kusahau Kiswahili. Kioo kwetu ni cha dirishani, ni cha kujitazamia, ni cha saa, ni cha simu. Hata msanii tunamwita kioo cha jamii. Nenda Kariakoo, au mtaa wa Luthuli kule Nairobi, useme unatafuta kamera isiyo na kioo. Muuzaji mwungwana atakuonya kwamba kukitengeneza kutakugharimu zaidi ya bei ya kamera. Asiye mwungwana atakuuzia iliyovunjika, na kisheria sijui utamshitaki kwa lipi, maana umepata ulichoagiza.

Najua jibu lao: ndivyo Waingereza wanavyoita. Kweli, lakini Waingereza wenyewe hawakuliafiki jina hilo kwa urahisi. Panasonic walipoitoa Lumix G1 mwaka 2008, ya kwanza katika ukoo wa Micro Four Thirds waliouanzisha pamoja na Olympus, hakuna aliyejua aiiteje. Magazeti ya Uingereza yalipendelea jina lenye maana ya kamera ndogo ya mfumo. Wengine waliunga herufi za kwanza za maneno manne, yale ya kidirisha cha kielektroni na lenzi inayobadilishwa, wakajikuta wameandika neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni uovu. Jina la kukosa kioo lilishinda kwa sababu ya uchovu. Sioni kwa nini sisi turithi uchovu wa watu wengine.

Kuna njia ya wazee wetu, na kamati ingeikumbuka isingehangaika. Neno simu asili yake ni Kiajemi, sim, yaani fedha, na pia waya. Simu ya kwanza ilikuwa waya kwa jina na kwa umbo. Mawasiliano ya redio yalipofika, yasiyotumia waya wowote, Waajemi waliongeza kikanushi na kuyaita "pasipo waya", na Waingereza vivyo hivyo. Mswahili hakukanusha. Alisema simu ya upepo. Alitaja kinachobeba sauti, akaacha kutaja kisichokuwepo, na kwa bahati njema akaunda jina ambalo kwa asili yake linasomeka "waya wa upepo". Hakuna kikao kilichoketi. Vivyo hivyo gari la moshi: liliitwa kwa kile lilichokuwa nacho, na leo treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma bila hata harufu ya moshi, na wapo wazee wanaoiita gari la moshi bila kusutwa na mtu.

Kitu kikiitwa kwa upungufu wake, jina lake linakuwa mateka wa kile kilichopungua. Siku kioo kile kinachokanushwa, cha kuakisi taswira ndani ya kamera, kitakaposahauliwa, jina halitakuwa na maana. Na kinasahauliwa: tangu mwaka 2020 kamera zisizo na kioo hicho zimewapita dada zao wenye kioo kwa idadi inayotoka viwandani. Mtoto anayejifunza picha leo hatakuja kusikia ule mlio wa kioo kikiruka juu.

Nilisema sitaieleza mashine, lakini kioo chenyewe nalazimika kukigusa, kwa kuwa hata historia yake inaipinga kamati. Kioo cha nyuzi 45 nyuma ya lenzi, kinachoipeleka taswira juu ili jicho liione, kilienea katika kamera za filamu ya milimita 35 baada ya Kine Exakta ya Dresden mwaka 1936, na kikatawala baada ya Nikon F mwaka 1959. Kabla yake kulikuwa na Leica, iliyooneshwa Leipzig mwaka 1925, isiyo na kioo cha namna hiyo. Leica M3 ya mwaka 1954 ilibadilishwa lenzi, na haikuwa nacho. Kwa istilahi ya kamati, basi, Leica ya babu yangu na R50 yangu ni kitu kimoja. Kwa istilahi hiyohiyo simu yako pia ni kamera isiyo na kioo, labda uiangushe kwanza.

Na neno kamera lenyewe nalo linahitaji kusemwa, kwa kuwa wapo wanaodai kwa sauti kubwa kwamba ni la Kiarabu na kwamba alilitunga Ibn al-Haytham. Hakulitunga. Mwanachuoni huyo wa Basra, aliyefariki Kairo karibu na mwaka 1040, alieleza vizuri kuliko wote waliomtangulia jinsi mwanga unavyopenya tundu na kuingia mahali penye giza. Lakini "camera" ni Kilatini, chumba, na kabla yake ni Kiyunani, dari la kuba. Kepler ndiye aliyeandika "camera obscura", chumba cha giza, mwaka 1604. Waajemi hawakulitaka. Wao kamera wanaiita "durbin", kionambali, neno lilelile tulilolipokea sisi tukalifanya darubini na kulielekeza kwenye nyota. Tungekuwa na kamati yenye masikio, leo tungekuwa tunapiga picha kwa darubini na kutazama mwezi kwa kitu kingine. Lakini hilo limepita, na kamera ni neno letu sasa.

Pendekezo langu ni vuavika. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ile ya funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Vaa na vua ni jozi ya nyumba hiyohiyo, na kongwe. Vika ni kumvalisha mwingine: bwana harusi humvika mkewe pete, mfalme huvikwa taji. Lenzi haijivalishi, mpigapicha ndiye anayeivua kamera lenzi moja na kuivika nyingine. Kitenzi kwa kitenzi hutoa nomino bila kuomba ruhusa, na anayebisha aniambie patashika ilitoka wapi.

Nimepingwa, tena na watu wa kazi hii, kwamba kamera za kioo nazo huvuliwa na kuvikwa. Hapo ndipo hoja yangu inapokuwa na nguvu zaidi, kama wangenisikiliza hadi mwisho. Kioo kilihitaji nafasi ya kuruka. Katika mfumo wa Canon EF wa mwaka 1987, toka kwenye mdomo wa kamera hadi kwenye filamu au kihisi ni milimita 44. Katika mfumo wa RF, ambamo R50 imo, ni 20. Milimita 24 zilizobaki ndizo unene wa adapta, na kwa adapta hiyo nimeivika kamera hii lenzi ya EF ya milimita 50, f/1.8, nayo ikalenga jicho la mtu bila kusita. Lenzi za Leica M zinataka milimita 27.8: kamera ya kioo ya Canon haiwezi kuzivaa na bado ikaona mbali, hii inaweza. Ya zamani ilivaa nguo za ukoo wake na za koo chache nyingine. Hii huvaa za karibu yeyote, na jina lake liseme hivyo.

Yupo aliyeleta "kosakioo". Sina la kusema juu ya neno linalosikika kama tusi la sokoni. Mwingine, mwenye shahada zake, analipigania "badililenzi" katika kila kongamano. Alitamke mara tatu kwa haraka, kisha tuzungumze. Wapo pia mafundi wanaosema kufunga na kufungua lenzi, na hao nawaheshimu, lakini fundi wa pwani akikuambia ameifungua lenzi yako, maana yake ameivunja vipande ili asafishe fangasi. Na yule aliyenicheka kwamba kuvua ni kwa samaki, namkumbusha kwamba kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, na ni amri ya kuketi, wala sijasikia mtu aliyeambiwa akae akaenda ufukweni.

Nililipeleka neno hili kwa kamati hiyohiyo, kwa barua iliyopigwa chapa, yenye hoja zote hizi na nyingine nilizozipunguza hapa. Nilijibiwa kwamba limepokelewa. Mgeni akipokelewa hupewa hata kiti. Orodha ilipotoka, badala ya vuavika nilikuta ile tanzia ya maneno manne niliyoanza nayo.

Kuhusu R50 yenyewe, kwa anayetaka kununua: ni nyepesi, inakaa vizuri mkononi, inalenga haraka na rangi za ngozi zetu inazitoa kwa haki. Lenzi inayouzwa nayo, ya milimita 18 hadi 45, ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/6.3 tu, kwa hiyo ukumbini usiku ivue. Bodi haina kitulizi cha mtikisiko.

Matumizi: ngeli ya I-ZI, wingi haubadiliki. Vuavika hii, vuavika hizi. "Amenunua vuavika na lenzi mbili." Pale ambapo kioo kipo na ni lazima kitajwe, tuseme kamera akisi. Wanaotaka "mavuavika" waandike makala yao.