Presha Imeshuka: Je, Niache Dawa?

Leo tunazungumzia swali ambalo sisi wauguzi huulizwa karibu kila siku ya kliniki ya presha. Mtu amepunguza chumvi, ameacha sigara, siku hizi anatembea kwa miguu hadi sokoni badala ya kupanda bodaboda, na kilo zimepungua mpaka ametoboa tundu jipya kwenye mshipi wake. Anapimwa, anaambiwa ni 124 kwa 78. Anatabasamu, kisha anauliza: "Sista, sasa si niache hizi dawa?"

Ni swali zuri, na afadhali huyu ameuliza. Wako wanaoacha kimyakimya, halafu tunawaona tena wakiletwa na jamaa zao, mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda kando. Wako na wengine ambao hawathubutu kuuliza. Wamepungua kilo kumi, lakini bado wanameza kipimo kile kile cha zamani, na kila wakiinuka kitandani kichwa kinazunguka na ukuta unawasogelea. Hao pia wako hatarini, kwa maana mzee akianguka na kuvunjika nyonga, hilo si jambo dogo.

Kwa hivyo leo sitakujibu kwa ndiyo au la. Nitakusimulia jinsi swali hili lilivyojaribiwa na wataalamu kwa miaka mingi, na utashangaa kwamba sehemu ya historia hiyo ilitokea papa hapa Kenya.

Tuanze Kisii. Mwaka wa 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya huko, aliandika katika jarida la Lancet kwamba alikuwa amewapima presha watu wapatao 1,000 waliokuwa na afya njema. Kwa vijana, nambari zilikaribiana na zile za Wazungu. Lakini kuanzia miaka 40 kwenda juu, umri ambao presha ya Wazungu ilizoea kupanda, ya watu hawa haikupanda. Ilielekea kushuka. Tena alisema kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Lugha aliyotumia kuwaeleza watu wetu ni ya kikoloni na haipendezi kusoma, lakini vipimo ni vipimo.

Sasa nenda Kisii hiyo hiyo siku ya kliniki uone foleni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Damu yetu haikubadilika katika vizazi vitatu. Ni nini basi kilichobadilika?

Jibu moja lilipatikana kwa kuwafuata watu njiani. Katika miaka ya 1980, watafiti kutoka Uingereza na Kenya waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa nchi kuja Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Waliohamia mjini walipata presha ya juu kuliko waliobaki, na tofauti hiyo haikungoja miaka kumi. Ilionekana mapema tu baada ya kufika. Uzito wao uliongezeka na moyo ulipiga haraka zaidi. Mkojo wao nao ulieleza habari za sahani zao: sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, ilikuwa nyingi ikilinganishwa na potasiamu, ile tunayoipata kwa wingi katika ndizi, maharagwe, viazi vitamu na mboga za majani. Kwa maneno mengine, mtu aliacha chakula cha shamba akaanza kula cha dukani, na presha ikapanda naye.

Ikiwa maisha yanaweza kuipandisha presha, je, yanaweza kuishusha? Zamani madaktari walilazimika kutumaini hivyo, kwa sababu hawakuwa na silaha nyingine ya maana. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, mtu aliyetunzwa na madaktari bora wa nchi yake, alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo tarehe 12 Aprili 1945. Siku hiyo presha yake ilipimwa ikawa zaidi ya 300 kwa 190. Fikiria hilo. Leo dispensari ndogo ya kijijini ina dawa ambazo ikulu ya Marekani haikuwa nazo.

Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, daktari Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, jina lake Walter Kempner, alikuwa akiwapa wagonjwa wake wali, matunda, maji ya matunda na sukari, karibu bila chumvi yoyote. Inasimuliwa kwamba mama mmoja aliambiwa arudi baada ya majuma mawili, lakini kwa sababu ya lafudhi ya daktari alisikia miezi miwili. Aliporudi akiwa bado anakula wali huo, hali yake ilikuwa nzuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Kempner alionyesha kwamba hata presha kali inaweza kushuka kwa chakula. Lakini wangapi wangeweza kula vile mwaka baada ya mwaka? Wengi walichoka, na wakichoka presha inarudi. (Tafadhali usiondoke hapa ukapike wali mtupu kwa miezi miwili. Wale wagonjwa walikuwa wakipimwa damu na mkojo kila mara.)

Kisha dawa zikaja. Moja ya zile za kwanza, reserpini, ilitokana na mzizi wa mmea uliotumiwa India tangu zamani, na wale wanaosema mitishamba haina madhara wakumbuke kwamba reserpini ikizidi humtia mtu huzuni nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikafuata tembe za kuongeza mkojo, ambazo tunazitoa hadi leo. Mwaka wa 1967, daktari Edward Freis na wenzake katika hospitali za wanajeshi wa zamani wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walichukua wanaume 143 wenye presha ya juu sana. Baadhi walipewa dawa na wengine tembe tupu. Katika kundi la tembe tupu, 27 walipatwa na mambo mazito kama kiharusi, moyo kushindwa au kifo. Katika kundi la dawa ni 2 tu. Tangu siku hizo hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba dawa za presha ni mchezo.

Basi vizazi viwili vya ujuzi vikawa vimesimama mezani: chakula kinashusha, na dawa zinaokoa maisha. Ndipo likaja swali lako. Aliyetibiwa kwa dawa mpaka akatulia, kisha akabadilisha maisha, anaweza kuziacha?

Walijaribu. Mwaka wa 1987, Jeremiah Stamler na wenzake walichapisha matokeo ya miaka minne. Wagonjwa waliokuwa wametumia dawa kwa muda mrefu waliachishwa chini ya uangalizi. Waliosaidiwa kupunguza uzito, chumvi na pombe, 39 kati ya 100 walibaki na presha ya kawaida bila dawa. Walioachishwa dawa tu bila kubadilisha chochote, ni 5 kati ya 100. Mwaka wa 1998 likafuata jaribio jingine, la wazee wa miaka 60 hadi 80 ambao presha yao ilitulia kwa dawa. Kwanza walifundishwa kwa miezi mitatu kupunguza chumvi, au uzito, au vyote viwili. Ndipo dawa ikaondolewa polepole. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, wale wanene waliofanya yote mawili, 44 kati ya 100 walikuwa hawajarudiwa na presha wala hawajapatwa na tatizo la moyo. Wale ambao hawakubadilisha kitu walikuwa 16. Na mabadiliko yenyewe hayakuwa ya ajabu: kilo 3 hadi 5, na chumvi iliyopungua kwa kama nusu ya kijiko cha chai kwa siku.

Sikiliza nambari hizo kwa masikio yote mawili, msikilizaji. Arobaini na nne kati ya mia ni wengi, na mimi hufurahi nikiwaambia wagonjwa habari hiyo. Lakini maana yake ni kwamba 56 walishindwa, ingawa walijitahidi. Kurudia dawa si aibu wala si ishara kwamba wewe ni mvivu. Tena hawa walikuwa watu wa presha isiyo kali, wengi wao kwenye dawa moja, na walipimwa mara kwa mara. Aliye kwenye dawa tatu asijilinganishe nao moja kwa moja. Huyo pengine atashuka hadi mbili, na hiyo nayo ni nafuu ya mwili na ya mfuko.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonifanya nizungumze kwa sauti ya juu. Kuna dawa ambazo ukizikata ghafla zinakugeuka. Mwaka wa 1964 Mskoti James Black alileta dawa iitwayo propranololi, inayotuliza moyo kwa kufunga milango ambayo homoni ya adrenalini huingilia. Ilisaidia watu wengi sana, na Black akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Lakini mwaka wa 1975 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wenye maumivu ya kifua walioachishwa dawa hiyo ghafla walipatwa na shambulio la moyo, na wengine wakafa. Kwa nini? Mwili ukiona milango imefungwa, huongeza milango mingine. Ukiondoa dawa kwa siku moja, adrenalini inaingia kwa milango yote, ya zamani na mipya. Moyo unakimbia kama ng'ombe aliyekatika kamba. Dawa za jamii hii utazijua kwa majina: soma pakiti yako, na jina likiishia na herufi "lol", kama atenolol au carvedilol, usilikate ghafla. Klonidini nayo ina tabia hiyo. Mtu akikosa dozi chache tu, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza kutibiwa.

Na kuna wale ambao hadithi ya chumvi na kilo haiwahusu kwa njia hii kabisa. Ikiwa moyo wako uliwahi kulegea na kushindwa kusukuma damu, halafu ukapona kwa dawa, kupona huko kunashikiliwa na dawa zenyewe. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka wa 2019 liliwachukua watu 51 wa namna hiyo, ambao moyo ulionekana mzima kwenye picha. Walioachishwa dawa hatua kwa hatua, 44 kati ya kila 100 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi sita. Vivyo hivyo mwenye valvu ya chuma asiguse warfarini yake, na kijana mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi asikose sindano yake ya penisilini. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, aspirini na dawa ya kolesteroli haziko pale kwa ajili ya nambari ya presha, kwa hivyo nambari nzuri si sababu ya kuziacha.

Kwa wewe mwenye presha peke yake, ambaye umebadilika na unataka kujaribu, kazi inafanyika hivi. Tunataka kuona nambari nzuri kwa miezi, si kwa siku moja. Daktari au klinikofisa anapunguza dawa moja tu kwa wakati, kwa kawaida kwa kushusha kipimo kwanza. Usijikatie mwenyewe vipande, maana baadhi ya tembe zimetengenezwa kuachilia dawa polepole, na ukizivunja inamwagika yote kwa pamoja. Unapimwa tena baada ya majuma mawili hadi manne. Ikifika 140 kwa 90 na kukaa hapo, dawa inarudi. Ukikaa vizuri, bado unapimwa, hasa katika mwaka wa kwanza, ambapo wengi hurudiwa. Na ukipata maumivu ya kifua, pumzi kukatika, miguu kuvimba, au mkono kufa ganzi ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukija kwetu, lete daftari lenye nambari ulizopimwa na pakiti za dawa zote unazotumia, hata za kienyeji na zile za maumivu ulizonunua dukani, kwani baadhi ya za maumivu hupandisha presha. Ukiwa umeshaacha dawa kimyakimya, tuambie. Hatutakugombeza, tutakupima.

Kipindi kijacho tutaingia jikoni na kijiko cha chai, tuhesabu chumvi iliyo ndani ya mkate, sosi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Kwaheri kwa sasa.